Fahali na maksai si mnyama mmoja

Mara nyingi mno nimesikia ng'ombe wawili waliofungwa nira, wanaovuta plau, wakiitwa mafahali. Fahali ni ng'ombe dume aliyekomaa ambaye hajahasiwa, kwa hiyo anaweza kumtia jike mimba. Maksai ni dume aliyehasiwa. Jike aliyefikia umri wa kupandwa lakini hajazaa ni mtamba, na mtoto, awe dume au jike, ni ndama. Neno ng'ombe lenyewe halina jinsia, ingawa wengi hulitumia kana kwamba ni jina la jike peke yake.

Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, na huko yalikotoka yanapingana waziwazi. Fahl ni mnyama dume mwenye nguvu, hasa anayetunzwa ili apande majike, awe farasi au ngamia, na Waarabu waliwaita kwa neno hilo hata washairi wao wakubwa. Maksai nalo linatokana na makhsi, yaani aliyehasiwa, na mzizi wake ndio uliotupa kitenzi kuhasi. Kumwita maksai fahali, basi, ni kumpa mnyama sifa ya kile hasa alichoondolewa. Methali yetu ya fahali wawili kutokaa zizi moja inalijua jambo hili vizuri, kwa sababu mafahali hugombania majike na ukubwa, ilhali maksai wawili hulala zizi moja na kuamkia nira moja bila ugomvi mkubwa.

Tofauti hiyo huletwa na korodani, ambazo hutengeneza mbegu na pia homoni inayojenga shingo nene, mabega mapana na ukali wa fahali. Ndama akihasiwa mapema, shingo hiyo haiji. Kwa upande wa jike, joto, yaani hamu ya kupandwa, humjia kila baada ya siku 21 hivi na kwa kawaida halimalizi siku nzima. Akishika mimba, huibeba kwa siku zipatazo 283. Dalili kuu ya joto ni kusimama tuli anapopandwa, hata na jike mwenzake, kwa hiyo anayeonekana juu ya mgongo wa mwingine malishoni si lazima awe dume.

Pembe pia hazithibitishi kitu, maana katika aina nyingi za ng'ombe jike naye anazo. Hata chuchu hazitoshi, kwa kuwa dume huwa nazo ndogo mbele ya korodani. Mtazame anapokojoa: jike hutoa mkojo nyuma, chini ya mkia, na dume huutoa chini ya tumbo. Kipimo hiki, hata hivyo, hakimtengi fahali na maksai, kwani wote wawili hukojoa vilevile. Hapo utazame kati ya miguu ya nyuma, na utazame kwa makini, kwa sababu aliyehasiwa kwa burdizo, yaani koleo linaloponda mishipa ya korodani bila kupasua ngozi, hubaki na mfuko wake, ila umesinyaa na hauna kitu cha maana ndani.

Kwa hiyo wale wawili wa kwenye plau, kama wamehasiwa, ni maksai. Na kama uko mbali na huwezi kuona, sema tu ng'ombe dume; hutakuwa umekosea.