Ukinunua kitu cha biashara, kodi hairudishi pesa yote

Mwaka wa hesabu unapokaribia kufungwa, wenye biashara ndogo huambiana: "Nunua kitu, utafidiwa kwenye kodi." Si kweli, na ushauri huu huwamalizia watu akiba bure.

Matumizi ya biashara hupunguza faida inayotozwa kodi, si kodi yenyewe. Tuseme kiwango chako cha kodi ni asilimia 20. Ukitumia 1,000, kodi inashuka kwa 200. Zile 800 zimetoka mfukoni mwako na hazirudi. Kama kitu ulikihitaji, vyema. Kama hukukihitaji, umetoa 1,000 ili kuokoa 200! Tena gharama ya mashine na samani mara nyingi haiondolewi yote kwenye faida ya mwaka uleule. Husambazwa kwa miaka kadhaa kama uchakavu, yaani thamani inayopungua kitu kinapotumika.

Kinachoondolewa kwenye kodi yenyewe ni nafuu ya kodi, ambayo baadhi ya nchi huwapa wazazi kwa ajili ya watoto. Watu huchanganya hivi viwili, ndipo hesabu zinapoharibika.

Na simu inayotumika kwa biashara na kwa familia? Kwa kawaida huhesabiwa ile sehemu ya biashara tu, kwa hiyo weka kumbukumbu ya matumizi tangu mwanzo wa mwaka.