Siasa katika darasa la watoto: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Katikati ya somo la hesabu, mtoto wa miaka minane anainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, ni kweli yule akishinda sisi tutafukuzwa hapa?" Darasa zima linanyamaza. Kila aliyewahi kufundisha watoto wadogo msimu wa uchaguzi anaufahamu ukimya huo. Mwalimu ana sekunde chache za kuamua aseme nini, na mara nyingi kinachomwamulia ni dhana alizozisikia tangu zamani bila kuzichunguza.

Dhana: Watoto wa umri huo hawajui siasa, waachwe na utoto wao

Hii ndiyo inayorudiwa zaidi, nayo ilianza kupingwa na ushahidi zaidi ya miaka 60 iliyopita. Mwaka 1958 mtafiti Fred Greenstein aliwahoji watoto wa shule katika mji wa New Haven, Marekani. Zaidi ya nusu ya wale wa miaka tisa walimtajia chama chao, ingawa wengi hawakuweza kueleza chama hicho kinatofautianaje na kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Hess na Judith Torney waliwauliza watoto wapatao 12,000, kuanzia darasa la pili hadi la nane. Waliona kwamba wale wadogo kabisa walimchukulia rais kama mtu mwema aliye karibu nao, wa kuwasaidia wakiwa na shida.

Kwa hiyo mapenzi na chuki hutangulia, maarifa huja nyuma. Mtoto hufika shuleni akiwa tayari na upande, na pengine na hofu, bila maneno ya kueleza kwa nini. Mwalimu anaponyamaza, vitu hivyo haviondoki. Huhamia uwanjani wakati wa mapumziko, ambako hakuna mtu mzima wa kumuuliza mtoto amejuaje.

Dhana: Kuzungumza siasa ni kuwaingiza watoto chamani

Methali inayotajwa hapa ni ile ya samaki kukunjwa angali mbichi, na wanaoitaja wana hoja. Zipo serikali zilizoligeuza darasa kuwa tawi la chama na kuwafundisha watoto nyimbo za kumsifu kiongozi kabla hawajajua kusoma. Mzazi anayeogopa hilo haogopi kivuli.

Lakini chama ni kipande tu cha siasa. Siasa ni namna watu wanaotaka mambo tofauti wanavyofikia uamuzi utakaowabana wote, na hilo watoto wanaliishi kila siku. Uwanja ni mmoja: darasa la tatu wanautaka kwa mpira, darasa la kwanza kwa kukimbizana. Nani aamue? Wengi wakipiga kura ya mpira kila siku, wale wachache watacheza lini? Je, anayetumia kiti cha magurudumu aliulizwa? Mjadala huo una wingi wa kura, haki ya walio wachache, uwakilishi na kanuni, na hakuna bendera ya chama iliyopeperushwa. Mtoto aliyeupitia atasikia neno "bunge" na kuwa na mahali pa kuliweka akilini.

Ningeongeza kwamba kwa watoto wadogo hapa ndipo muda mwingi utumike. Wagombea na vyama viingie watoto wanapouliza wenyewe, nao huuliza mapema kuliko tunavyotarajia.

Dhana: Sheria inakataza

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na kila mwalimu aisome ya kwake. Ila mara nyingi sheria yenyewe haisemi kile watu wanachodai inasema. Chukua England na Wales. Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 inazikataza shule za umma kuwaruhusu wanafunzi walio chini ya miaka 12 kufanya shughuli za kichama, na kukuza maoni ya kichama katika ufundishaji. Lakini kifungu kinachofuata kinadai kwamba masuala ya kisiasa yakiletwa mbele ya wanafunzi, mitazamo inayopingana ielezwe kwa mizani. Mtunga sheria alijua mazungumzo yatakuwepo.

Ujerumani, nchi yenye sababu za kutosha kuogopa shule inayopandikiza itikadi, wataalamu wa elimu ya uraia walikutana katika mji wa Beutelsbach mwaka 1976, na hapo yakatoka makubaliano yanayoongoza elimu ya uraia hadi leo. Mwanafunzi asilemewe wala kunyimwa nafasi ya kuunda maoni yake. Jambo linalobishaniwa katika jamii na katika taaluma lionekane darasani kuwa linabishaniwa. Na mwanafunzi awezeshwe kuichambua hali ya kisiasa na nafasi yake ndani yake. Hakuna kati ya hayo matatu linalomtaka mwalimu anyamaze.

Nao watoto wana haki zao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto anayeweza kuunda maoni haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Hautaji umri wa kuanzia. Marekani, hukumu ya mwaka 1969 iliyosema kwamba wanafunzi hawaachi uhuru wao wa kujieleza mlangoni mwa shule inajulikana kwa vijana waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kuomboleza waliokufa katika vita vya Vietnam. Kinachosahaulika ni kwamba katika familia ya Tinker, iliyokuwa kiini cha kesi hiyo, mtoto wa miaka 11 na mwingine wa miaka minane walivaa vitambaa hivyo pia.

Dhana: Mizani ni kuupa kila upande dakika sawa

Dhana hii huwanasa hata walimu wazuri, maana inafanana na haki. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya England iliamua kesi kuhusu filamu ya Al Gore, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Marekani, ya ongezeko la joto duniani, iliyokuwa ikipelekwa shuleni. Jaji Burton aliona kwamba kiini chake kimesimama juu ya sayansi, akaainisha mambo tisa yaliyokosewa au kutiwa chumvi, akaruhusu ionyeshwe pamoja na maelezo ya kuwaongoza walimu. Mizani, kwa maelezo yake, ni kuwasilisha jambo kwa haki na bila ushabiki. Haihitaji saa ya kupimia.

Darasani hilo lina maana ya kutenganisha maswali. Kama mgombea alisema au hakusema jambo fulani, hilo lina jibu, na jibu hutafutwa. Kama kodi ipandishwe ili kujenga hospitali, hapo watu wema wenye akili timamu hutofautiana, na watoto wasikie sababu za pande zote kwa nguvu zake kamili. Na kama watu wa asili au dini fulani ni wezi kwa kuzaliwa, hilo halina pande mbili za kusikilizwa, hasa mtoto wa familia hiyo akiwa ameketi dawati la mbele.

Dhana: Mwalimu mkweli huwaambia watoto anampigia nani kura

Kwa vijana wa miaka 17 hoja hiyo inajadilika. Kwa watoto wa miaka minane nasema hapana. Umri huo mtoto hutaka kumpendeza mwalimu, na atalibeba jibu lake kama anavyobeba tahajia ya neno. "Kura yangu ni siri, kama itakavyokuwa yako" ni jibu la kweli, na lenyewe ni somo.

Dhana: Watoto watageuzwa dhidi ya wazazi wao

Utafiti wa Kent Jennings na Richard Niemi juu ya vijana wa Marekani na wazazi wao, uliokusanywa mwaka 1965, ulionyesha kwamba kufanana kwa maoni ya mtoto na ya mzazi kulikuwa na nguvu hasa katika kuchagua chama. Meza ya nyumbani ina sauti kubwa. Hata hivyo mzazi akiambiwa mapema kitakachojadiliwa, shuku nyingi huyeyuka.

Turudi kwa yule mtoto wa somo la hesabu. Swali lake lina sehemu mbili, nazo zijibiwe kwa mpangilio. Kwanza hofu: "Leo uko hapa, uko salama, na mimi ni mwalimu wako." Kisha habari: "Umeisikia wapi? Alisema nani hasa?" Mwalimu aandike ubaoni kinachojulikana kwa hakika, na kando yake kile ambacho darasa litakiuliza kesho. Kengele ikilia, amwite mtoto pembeni asikie kama kuna jambo nyumbani, na jioni hiyo hiyo ampigie mzazi simu.