Kumpinga mtu bila kumchukia: dhana tunazozibeba kanisani Malindi

Jumamosi moja jumuiya yetu ndogo ndogo ilisali kwa mama mmoja mtaa wa Maweni. Mahamri yalikuwa mezani chini ya kawa, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani. Tukisubiri wachelewaji, mwenzetu mmoja akasema, kwa sauti ile ile ya mtu anayetaja bei ya unga, kwamba mashoga dawa yao ni kuchomwa moto. Mwenye nyumba akainuka, akaingia jikoni, akakaa huko mpaka tulipomaliza wimbo wa pili. Kijana wake wa kumzaa ni mmoja wa hao waliokuwa wakitajwa. Wachache tulijua. Aliyesema hakujua.

Mimi ni Mkatoliki, na ninaamini kama kanisa langu linavyofundisha, kwamba ndoa ni ya mume na mke. Sijalegea hapo. Lakini asubuhi ile niliona ni mambo mangapi tunayasema kwa jina la imani na kumbe imani haikuyasema.

Kwamba ukikataa kumtukana shoga, umekubaliana naye. Hii ndiyo kubwa, nayo ndiyo imetufunga midomo wengi. Tunanyamaza tusije tukaonekana tuko upande ule. Basi tuifungue Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki. Aya ya 2357 inasema wazi kwamba matendo ya jinsia moja hayakubaliki. Aya inayofuata, ya 2358, inasema watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na uangalifu, na kila dalili ya kuwabagua bila haki iepukwe. Aya hizo mbili zinafuatana, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuchana moja na kubakiza nyingine. Ndugu zetu Waanglikana nao wana azimio la Lambeth, mkutano wa maaskofu wao wa dunia nzima, la 1998, nambari 1.10, lililopita kwa kura 526 dhidi ya 70, na maaskofu wa Afrika walilipigania sana. Kila mtu analikumbuka kwa kusema kwamba matendo hayo hayapatani na Maandiko. Azimio hilo hilo linawataka waumini wawahudumie watu wote kichungaji, na linalaani hofu isiyo na msingi dhidi ya mashoga.

Na kutokubaliana kwenyewe kuna adabu yake. Desemba 2023 Vatikani ilitoa waraka wa Fiducia Supplicans, unaomruhusu padri kuwabariki watu walio katika uhusiano wa jinsia moja, nje ya ibada na bila kufananisha jambo hilo na ndoa. Januari 2024 mabaraza ya maaskofu wa Afrika yakajibu kwamba kwa jumla baraka hizo hazitatolewa huku kwetu. Wakalisema bila kumung'unya maneno, na katika barua hiyo hiyo wakathibitisha kwamba wako katika ushirika na Papa Fransisko. Hakuna aliyemwita mwenzake shetani. Natamani jumuiya zetu zingesomewa barua ile yote.

Kwamba dhambi ya Sodoma ni hiyo moja tu. Waraka wa Yuda unataja uasherati wa miji ile, ni kweli. Lakini soma pia Ezekieli 16:49: kiburi, shibe, raha, na kutomshika mkono maskini na mhitaji. Na ukirudi Mwanzo 19, unaukuta umati umezingira nyumba usiku, unataka kuwavunjia heshima wageni kwa nguvu. Sisi watu wa pwani tunajua mgeni ni nini. Hatuhitaji kufafanuliwa uzito wa kosa lile. Hata Warumi 1, tunayoinukuu kila mara, haiishii pale tunapoikatia. Mstari unaofuata, 2:1, unamgeukia anayehukumu na kumwambia hana udhuru.

Kwamba shoga ni yule yule anayeharibu watoto. Hapa naomba tuwe makini, maana uongo huu unawaumiza watoto wenyewe. Anayemwingilia mtoto ni mhalifu, awe mwanamume au mwanamke, na awe amemwendea mvulana au msichana. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 inawalinda watoto wote. Kwenye ufuo wetu wasichana wadogo wamenunuliwa na wanaume, watalii na wenyeji, na majirani wakapita wakiangalia pembeni. Tukishauwekea uovu huo alama ya shoga peke yake, mjomba anayeheshimika hupita mlangoni bila kuulizwa kitu.

Kwamba sheria imetupa ruhusa. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinataja kifungo cha hadi miaka 14 kwa matendo hayo ya jinsia moja, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Lakini hakuna kifungu kinachompa jirani rungu wala kiberiti. Februari 2010, pale Mtwapa, uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulitosha kuujaza umati barabarani, na watu wakapigwa. Papa Fransisko alipoulizwa Januari 2023 alitenganisha mambo mawili, dhambi na uhalifu. Na sisi wa Malindi, baada ya Shakahola, ambako waumini walikufa njaa kwa kumtii mhubiri, tuna sababu zaidi ya wengine ya kulipima neno la mhubiri kabla hatujalitii.

Kwamba jambo hili limeletwa na Wazungu. Neno hanithi limo katika Kiswahili tangu zamani. Ukienda kwenye kile kikanisa cha Wareno hapa mjini, utakumbushwa kwamba mmisionari Fransisko Xavier alipita Malindi mwaka 1542. Injili nayo ilikuja kwa jahazi. Kwa hiyo tupime jambo kwa ukweli wake, tuache kuliuliza lilishuka bandari gani.

Kwamba kila anayeshikilia mafundisho ya kale ana chuki. Wapo wanaotuambia hivyo, nao wanakosea. Namjua katekista mmoja, mkali wa mafundisho kuliko mimi. Kijana wa yule mama wa Maweni alipopigwa usiku na vijana wa mtaani, yeye ndiye aliyemkalisha katikati kwenye bodaboda, akamshika kiunoni asianguke, akamfikisha hospitali na kungoja naye hadi alfajiri. Asubuhi alimwambia bado anaamini anachokiamini. Kijana akamjibu kwamba anajua, kisha akamwomba amnunulie maji.

Jumamosi iliyopita zamu ilirudi Maweni. Yule mwenzetu aliyesema habari ya moto alifika mapema, akapita sebuleni bila kuketi, akaingia jikoni. Tulikuwa tumeshaanza wimbo alipotoka na sufuria ya mbaazi, na mwenye nyumba nyuma yake, macho mekundu, amebeba sahani.