Taa Imewaka, Laptopu Kimya: Dhana Potofu Kuhusu Bodi Kuwa Kifaa cha USB

Anayeanza kuchezea Raspberry Pi Zero, kompyuta ndogo ya bodi moja, hapa Dar, awe mwanafunzi wa DIT au fundi simu wa Kariakoo aliyechoka kubadilisha vioo, mara nyingi hana skrini ya ziada, na waya wa mini-HDMI hajawahi hata kuushika. Ndiyo maana akisikia kwamba waya mmoja tu wa USB unaweza kuipa bodi umeme na papo hapo kuiunganisha na laptopu kama mtandao, anafurahi. Anachomeka. Taa ya kijani inapepesa, laptopu kimya. Hapo ushauri wa vijiweni unaanza kumiminika, na mwingi wake unampoteza.

Kwanza tuelewane jambo moja. Katika USB hakuna usawa: upande mmoja ni mwenyeji, ndiye anayeuliza, upande wa pili ni kifaa, kinachosubiri kuulizwa na hakianzi kusema hata siku moja. Kompyuta ni mwenyeji, flashi na kipanya ni vifaa. Pi ni kompyuta, kwa hiyo tunachotaka hapa ni igeuke iwe kifaa mbele ya laptopu. Si mambo ya ajabu. Unapogawa bando la simu ya Android kwa laptopu kupitia waya, simu yako imegeuka hivyohivyo, na kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux iliyomo ndani yake inafanya kazi ileile inayofanywa na ile ya Pi.

“Haionekani? Futa memori kadi, weka mfumo upya.”

Huu ndio ushauri ninaoupinga kuliko wote. Kufuta kadi kunamaliza jioni nzima na kunafuta ushahidi wote, halafu unarudi palepale, maana mara nyingi kosa halikuwa kwenye kadi. Bodi yenyewe inajua ilipokwama. Kinachotakiwa ni kuiuliza.

Ingia kwenye bodi kwa njia nyingine. Kama ni Zero W au Zero 2 W, tumia Wi-Fi. Kama ni Zero ya kawaida, tumia kile kiadapta kidogo cha kugeuza USB kuwa siriali (njia ya kuzungumza na bodi kwa maandishi) chenye chipu ya CH340 au CP2102: weka enable_uart=1 kwenye config.txt, faili la mipangilio lililo kwenye memori kadi, unganisha pini namba 6, 8 na 10, kasi 115200. Hakikisha ni cha volti 3.3, kwa sababu pini za Pi hazivumilii volti 5. Ukishaingia, angalia folda ya UDC, yaani vidhibiti vya USB vya upande wa kifaa. Andika:

ls /sys/class/udc

Pakiwa patupu, bodi haijaambiwa kabisa kwamba inatakiwa kuwa kifaa. Tatizo liko kwenye mipangilio, na hata ukibadilisha nyaya kumi hakitabadilika kitu. Pakitokea jina, mfano 20980000.usb kwenye Pi Zero au fe980000.usb kwenye Pi 4, basi upande huo umekaa sawa. Endelea:

cat /sys/class/udc/*/state

Jibu likiwa “not attached”, mwenyeji na kifaa hawajaonana: angalia kama kuna moduli ya kazi iliyopakiwa (kipande cha kerneli kinachoipa bodi kazi, mfano g_ether ya mtandao), kisha waya, tundu na laptopu. Likiwa “configured”, USB imeshamaliza kazi yake. Mwenyeji amekiona kifaa na amekikubali, na kinachokusumbua kiko juu zaidi, kwenye anwani za mtandao au kwenye draiva ya Windows. Mistari hiyo miwili imeniokoa mara nyingi kuliko video zote nilizotazama.

“Taa inawaka, kwa hiyo waya ni mzima.”

Taa inakuambia kwamba umeme unapita. Haisemi neno lolote kuhusu data. Chukua waya wa chaji wa bei ya kutupa, uukate katikati na umenye ngozi ya nje: mara nyingi utakuta vijiwaya viwili tu, chekundu na cheusi, yaani volti 5 na ardhi. Waya kamili wa USB 2.0 una vinne. Kati ya hivyo viwili vya umeme kuna cheupe na cha kijani, na hivyo ndivyo vinavyobeba data. Bila hivyo bodi itawaka vizuri tu, hata mfumo wote utapanda, ila laptopu haitajua kama kuna kitu kimechomekwa.

Unene wa waya hausaidii kuhukumu, wala maandishi ya “fast charge” kwenye boksi. Ukiwa dukani mtaa wa Agrey, huna haja ya kukata kitu: mwombe muuzaji auchomeke kwenye simu na kompyuta, kisha uchague kuhamisha mafaili. Simu ikionekana kwenye kompyuta, waya unabeba data. Ikiendelea kuchaji tu bila kuonekana, mrudishie. Shida ni kwamba Pi Zero inatumia micro-USB, na simu nyingi za sasa ni Type-C, kwa hiyo itabidi uwe na simu ya zamani mfukoni.

Kuna waya wa aina ya tatu unaochanganya zaidi: una vijiwaya vyote vinne, ila umechoka. Huo utakuonyesha kwenye dmesg (kumbukumbu za kerneli) ya laptopu ya Linux maneno kama “device descriptor read/64, error -71” au “-110”. Maana yake mwenyeji amehisi kuna mtu mlangoni, akauliza jina, na jibu halikueleweka au halikuja. Badilisha waya, ondoa kigawanyio cha USB, chomeka moja kwa moja kwenye laptopu.

“Nunua kiunganishi cha OTG, kitageuza bodi iwe kifaa.”

Ni kinyume chake kabisa. Micro-USB ina pini tano, na ya tano inaitwa ID. Kiunganishi cha OTG kinaifunga pini hiyo na ardhi, na bodi ikihisi hivyo inajua inatakiwa kuwa mwenyeji, ndiyo maana ukikitumia kwenye simu unaweza kuchomeka flashi. Kwa kazi yetu tunataka pini ya ID ibaki wazi, yaani waya wa kawaida wa micro-USB usio na kiunganishi chochote. Kama umeshakitumia na huna kingine, unaweza kuilazimisha bodi kwa kuandika dtoverlay=dwc2,dr_mode=peripheral kwenye config.txt (dwc2 ni draiva ya mlango huo wa USB), lakini kwa nini ujitese wakati waya wa kawaida ni rahisi zaidi?

Kwenye Type-C pini ya ID haipo. Kazi hiyo inafanywa na pini za CC zenye vizuizi vya kilo-omu 5.1 upande wa kifaa. Pi 4 za mwanzo, za mwaka 2019, zilitoka na kasoro hapo: pini mbili za CC zilishirikiana kizuizi kimoja, na nyaya zenye chipu ndani, kama za laptopu za kisasa, zilikataa kuipa umeme. Toleo lililofuata lilirekebishwa. Ukiwa na ya zamani, tumia waya wa Type-C wa kawaida usio na chipu.

“USB ni USB, chomeka tundu lolote.”

Hapana. Pi Zero ina matundu mawili yanayofanana kama mapacha; lililoandikwa PWR IN ni la umeme tu, lililoandikwa USB, karibu na mini-HDMI, ndilo lenye data. Kwenye Pi 4 na Pi 5, tundu linaloweza kuwa kifaa ni lilelile la Type-C la umeme. Yale manne makubwa ni ya mwenyeji daima. Pi 3B haiwezi kabisa, kwa sababu mlango wake wa USB unapitia chipu inayougawa kwa matundu manne na mtandao wa waya, na chipu hiyo haigeuki. BeagleBone Black, bodi nyingine isiyo ya Raspberry Pi, ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko zote: chomeka mini-USB, na bodi inakungoja kwenye 192.168.7.2 bila kuandika chochote.

“Mstari wa dwc2 nimeuandika, basi umesomeka.”

Kuanzia toleo la Raspberry Pi OS la mwaka 2023, linaloitwa Bookworm, faili sahihi ni /boot/firmware/config.txt. Maelekezo mengi mtandaoni bado yanasema /boot/config.txt, na ukilifungua utakuta limebaki onyo tu la kukuelekeza kwingine. Ukiifungua kadi kwenye Windows, hili halikuhusu, utaliona faili moja kwa moja kwenye bootfs, sehemu ya kadi inayoonekana huko.

Mtego wa pili ni vichwa vya mabano. Faili hilo lina sehemu kama [cm4] na [cm5], na chini ya moja utakuta mstari wa dwc2 umeshaandikwa. Mtu anauona, anasema “kumbe upo”, anaendelea. Mstari huo ni wa Compute Module tu, aina nyingine ya bodi za Pi, na tena unaweka hali ya mwenyeji. Andika wako, dtoverlay=dwc2, chini ya [all]. Kisha kwenye cmdline.txt, faili jirani lenye maagizo ya kuwashia kerneli, ongeza modules-load=dwc2,g_ether baada ya rootwait, ukitenganisha kwa nafasi moja. Faili zima la cmdline.txt ni mstari mmoja. Ukibonyeza Enter katikati, kilichoshuka chini hakitasomwa.

“Nikipakia moduli zote, nitapata mtandao, siriali na flashi kwa pamoja.”

Utapata “Device or resource busy”. Mlango wa kifaa ni mmoja, na moduli ya kwanza kuushika haumwachii mwingine. Hili hutokea sana kwa mtu aliyeanza na g_ether kwenye cmdline.txt, kisha akapata skripti nzuri ya configfs (njia ya kuunda kifaa kwa kuandika kwenye folda maalumu) na kuiongeza bila kufuta ya kwanza. Toa g_ether kwanza, washa upya, halafu acha skripti iunde kifaa kimoja chenye kazi kadhaa ndani ya /sys/kernel/config/usb_gadget. Hata hapo usijaze kupita kiasi, kwani dwc2 ina vituo vichache vya kupitishia data na kazi za ziada zitakataliwa.

“Chomeka chaja na laptopu pamoja, umeme utatosha.”

Kwenye Pi Zero, volti 5 za PWR IN na za tundu la USB zinakutana kwenye njia moja. Ukichomeka vyote viwili umeunganisha chaja yako na laptopu yako, na chaja isiyoeleweka inaweza kusukuma umeme upande usiotakiwa. Pi Zero yenyewe haihitaji msaada: tundu la USB 2.0 hutoa hadi mA 500, la USB 3.0 hadi 900, na kwa kazi ndogo inatosha. Pi 4 ndiyo yenye njaa. Ukishuku umeme ni mdogo, andika vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 ni zuri, lolote linaloishia na 1 au 5 linamaanisha volti ziko chini wakati huohuo.

Faida moja ya njia hii kwa jiji letu: TANESCO wakikata, bodi inaendelea kwa betri ya laptopu. Ila ukifunga kifuniko laptopu ikalala, tundu linaweza kuzimwa, na bodi itakufa bila kuagwa.

“Windows imeandika COM, bodi ni mbovu.”

Bodi ni nzima. Windows imeidhania mlango wa siriali. Fungua Device Manager, chagua kusasisha draiva kwa mkono, nenda Network adapters, Microsoft, kisha Remote NDIS Compatible Device. Baada ya hapo kadi ya mtandao itatokea, na wengi wanashtuka kuona anwani inayoanza na 169.254. Hiyo si hitilafu. Hakuna anayegawa anwani kati ya mashine hizo mbili, kwa hiyo laptopu imejipa yenyewe. Jaribu raspberrypi.local, au jina ulilolipa bodi. Kwenye Bookworm, upande wa bodi unaweza kuendelea kusubiri mgawaji asiyekuja; ipe usb0, yaani kadi hiyo ya mtandao upande wa bodi, anwani ya kudumu kwa amri ya nmcli, yaishe. Na kama kila ukiwasha laptopu inadhani ni kadi mpya, ni kwa sababu g_ether hujitungia anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao) kila mara. Zifunge kwa g_ether.host_addr na g_ether.dev_addr.

“Bodi ikijifanya flashi, nitaongeza mafaili nayo yataonekana palepale.”

Hii inawapata wanaoweka Pi Zero nyuma ya runinga ya dukani ili irushe matangazo. Wanategemea kwamba wakitupia video mpya kupitia Wi-Fi, runinga itaiona. Haitaiona. Runinga inasoma vipande vya diski, haisomi folda za Linux, na orodha ya mafaili ilishaikariri ilipochomekwa. Kibaya zaidi, mwenyeji naye akiandika wakati bodi inaandika, kila mmoja anaamini diski ni yake peke yake na mafaili yanaharibika. Weka ro=1 ili runinga isiandike. Ukitaka kubadilisha video, kitoe kifaa kwanza kwa kuandika mstari mtupu kwenye faili la UDC, ifungue (mount) kwenye bodi ile picha ya diski, yaani faili linaloonekana na runinga kama flashi, nakili video, ifunge (umount), kisha rudisha jina la UDC. Runinga itaona kama flashi imechomolewa na kuchomekwa tena, na itasoma orodha mpya.