Chakula kwanza, wala kisiwe chambo

Nabii Eliya alipokata tamaa na kuomba afe, hakuhubiriwa. Kitabu cha 1 Wafalme, sura ya 19, kinasema alilala chini ya mti wa mretemu, malaika akamgusa akamwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akajilaza tena. Malaika akarudi mara ya pili na agizo lile lile la kula, kwa kuwa safari iliyomngoja ilikuwa kubwa mno kwake. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilikuja baadaye kule mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini.

Mimi ni mtaalamu wa lishe katika taasisi ya huduma za jamii. Kazi yangu hunikutanisha na wachungaji, makatekista, maimamu na walimu wa madrasa wanaojiandaa kupeleka misaada kwenye maeneo ya ukame. Karibu kila semina mtu hunyoosha mkono na kuuliza: tulishe kwanza, au tuwape neno kwanza? Jibu langu huwa fupi: lisheni. Maelezo marefu ninayabakiza kwa swali la pili, la namna ya kulisha, maana hapo ndipo misheni nyingi zimejikwaa.

Tuanze na mwili. Kuanzia Novemba 1944 hadi mwishoni mwa 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani kilifanya utafiti kwa vijana 36 waliokuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri, baadhi yao wakiwa waumini wa makanisa yanayopinga vita. Walijitolea kukaa na njaa ili madaktari wajue namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokuwa wakiteketea kwa njaa ya vita. Kwa miezi sita walipewa takriban kalori 1,570 kwa siku, huku wakitakiwa kutembea na kufanya kazi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini yaliyowapata akilini ndiyo ninayopenda kuwaeleza viongozi wa dini. Vijana wale wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga na wenzao, wakaona baridi hata wengine walipoona joto. Chakula kikawatawala mawazo na ndoto. Wakakaa wakisoma vitabu vya mapishi.

Hawa walikuwa watu wazima, wenye afya, walioingia kwa hiari na kwa imani, na walijua tarehe ambayo njaa yao ingekwisha. Mama aliyelala siku mbili bila kula akiwa na mtoto mgongoni hana tarehe hiyo. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Ukimkalisha juani asikilize mahubiri ya saa mbili kabla ya mgao, atakaa na pengine ataitikia amina kila unapotaka, lakini macho yake yatakuwa kwenye magunia.

Hata hivyo nisieleweke kwamba mwenye njaa ni tumbo tupu lisilo na roho. Nimekaa na wafugaji waliozika ng'ombe wao wote msimu mmoja. Jioni, wakishapata uji, hawaulizi kilo za unga tu. Wanauliza wamemkosea nini Mungu, na watawaambia nini watoto. Maswali hayo ni ya kweli, na kiongozi wa dini ana jambo la kusema ambalo mimi na mizani yangu hatuna. Tofauti ni kwamba hapo ameulizwa. Mazungumzo ameyaanzisha mwenye shida, kwa wakati wake, na hakuna kibaba kinachotegemea jibu atakalolipokea.

Sasa njoo Ayalandi. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi, chakula kikuu cha maskini wa kisiwa kile, na kwa miaka michache watu takriban milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Wengi wa masikini hao walikuwa Wakatoliki. Baadhi ya misheni za Kiprotestanti, ikiwemo ile ya kisiwa cha Achill, ziliendesha shule zilizolisha watoto na papo hapo kuwafundisha dini tofauti na ya wazazi wao. Kutokana na hayo ukazaliwa msemo ambao Waayalandi wanao hadi leo: kusema fulani "alikunywa supu" ni kusema aliuza dini yake kwa chakula. Familia ilinyooshewa kidole kwa jambo hilo hata vizazi baadaye, na wengi waliobadili dini walirudi kanisani kwao njaa ilipopungua.

Wanahistoria wanatukumbusha kwamba jambo hilo halikuenea kama kumbukumbu za watu zinavyodai. Wapo makasisi wengi wa Kianglikana waliogawa bila masharti, na baadhi yao wakafa kwa homa walizoambukizwa na wale waliowahudumia. Hilo ndilo linalonihuzunisha zaidi. Wachache waliofunga supu na ubatizo kwenye kamba moja waliwachafulia jina hata wale waliotoa kwa moyo safi.

Wakati huo huo Marafiki, yaani Wakweka, madhehebu yale yale yaliyoanza kazi Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, waliunda kamati ya misaada Dublin mnamo Novemba 1846. Walipeleka masufuria makubwa ya kupikia supu, chakula, nguo na mbegu, bila kumdai mtu imani yake. Bado wanatajwa kwa heshima kule.

Waislamu wanaosoma makala haya wanaijua Sura ya Al-Insan, aya ya 8 na ya 9. Inawasifu wanaowalisha masikini, yatima na mfungwa, hali wao wenyewe wanakipenda chakula hicho, kisha wakasema kwamba wanalisha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu tu, hawataki malipo wala shukrani. Ikiwa hata shukrani haidaiwi, sembuse kusilimu? Kwa Wakristo, Yakobo anauliza bila kuzunguka: ukimwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe, nawe usimpe mahitaji ya mwili, yafaa nini?

Wapo wanaohofu kwamba misheni ikishika magunia itasahau neno na kugeuka ghala. Hofu hiyo si ya kudharau. Mitume waliikabili Yerusalemu: Matendo, sura ya 6, inaeleza manung'uniko kwamba wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakufuta mgao ili wahubiri. Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema, wakakabidhiwa meza, na wahubiri wakaendelea na neno. Nawashauri viongozi wafanye vivyo hivyo. Mhubiri mzuri si lazima awe msimamizi mzuri wa ghala, na akiachiwa kazi zote mbili, moja itaharibika.

Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, nako chakula ndicho kilichotangulia. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewazuia wamisionari kuingia huko, na njaa ya 1960 na 1961 ndiyo iliyowafungulia mlango. Kanisa la Lodwar, mji wa huko, lilianza na chakula cha njaa, shule na zahanati zikafuata.

Mwaka 1994 mashirika makubwa ya misaada yalikubaliana kanuni za mwenendo wakati wa maafa, na ya tatu inakataza misaada kutumiwa kusukuma msimamo wa kisiasa au wa kidini. Miongoni mwa waliozidhamini ni Caritas Internationalis la Kanisa Katoliki, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kwa hiyo anayesema sharti hili limeletwa na wasioamini anakosea.

Katika utekelezaji, orodha ya kaya iandaliwe na kamati ya kijiji yenye watu wa dini zote na wasio na dini, na kigezo kiwe uhitaji. Mgao usifanyike siku ya ibada wala ndani ya nyumba ya ibada, kama pana shule au ofisi ya kijiji. Kitabu kitakatifu kisiwekwe ndani ya mfuko wa unga. Awepo mtu wa kupokea malalamiko ambaye si kiongozi wa dini, ili aliyerukwa aweze kusema bila woga.

Na beba utepe wa kupima mkono wa juu wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba hadi uhesabu sekunde tatu. Shimo likibaki, mwili umevimba, na hiyo nayo ni dalili ya hatari. Mtoto huyo usimshindilie ugali na nyama kwa huruma, kwani mwili uliodhoofu namna hiyo unaweza kuzidiwa na chakula kingi cha ghafla akafa. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, aanzishiwe lishe ya tiba kidogo kidogo. Mkitaka kumwombea, mwombeeni mkiwa njiani.