Vekta: anza na kebo za daraja la Kigamboni

Habari zenu wanafunzi wa uhandisi, hasa nyie wa mwaka wa kwanza. Kila mwaka nikisahihisha mitihani ya vekta, yaani vipimo vyenye ukubwa na uelekeo kama nguvu, nakutana na kosa lilelile, mtu kapewa nguvu ya niutoni 3 kwenda mashariki na nyingine ya 4 kwenda kaskazini, anaandika jibu 7. Hapana jamani. 7 unaipata kama zote zinavuta upande mmoja, hizi zina pembe mraba katikati yake kwa hiyo unachukua mzizi wa 9 jumlisha 16 unapata 5, na bado hujamaliza mpaka useme zinaelekea wapi, kama nyuzi 53 hivi kutoka mashariki kupanda kaskazini. Bila uelekeo hiyo ni skala, sawa na kilo za sukari.

Sasa ukipita Daraja la Nyerere pale Kigamboni, lile lililofunguliwa 2016, inua macho uangalie zile kebo zinavyoshuka kutoka kwenye nguzo. Kebo imekaa mshazari lakini uzito wa daraja na magari unashuka wima, ndo maana nguvu ya kebo inabidi uigawe vipande viwili, cha wima kinachobeba mzigo na cha mlalo. Tuseme kebo moja inatakiwa ibebe kiloniutoni 500 za wima (namba hizi ni zangu za mazoezi, sio za daraja lenyewe). Ikiwa imeinuka nyuzi 60 kutoka barabarani, unagawa 500 kwa sini ya 60, unapata kama 577. Ishushe ifike nyuzi 30 uone, inakuwa 1000! Mzigo ni uleule ila kebo inavutwa karibu mara mbili, kwa sababu tu imelala zaidi. Na kile kipande cha mlalo kinatoka 289 kinafika 866, hicho kinaibana barabara kuelekea nguzoni, wakati huo kebo ya upande wa pili nayo inavuta kwa uelekeo kinyume, zikilingana nguzo haivutwi kwenda kokote. Mimi hapo kila nikifundisha nafurahi kabisa.

Tena msikariri kwamba wima ni sini. Pembe ikipimwa kutoka kwenye nguzo badala ya barabara, wima inakuwa kosini. Chora mchoro kwanza, hata mbaya, ndo uandike.

Kuzidisha vekta kuko kwa aina mbili. Kuzidisha kwa nukta kunakupa namba tupu, kama kazi iliyofanyika, ukivuta mkokoteni kwa pembe ni kile kipande kinachofuata njia tu ndo kinahesabika. Kuzidisha kwa msalaba kunakupa vekta nyingine, na huku muulize fundi gari: spana ya sentimita 25 ukiisukuma kwa niutoni 200 ikiwa pembe mraba unapata nguvu ya kuzungusha ya niutoni mita 50, ukisukuma kwa pembe ya nyuzi 30 na spana unabaki na 25, nati haitoki. Anachomeka bomba kurefusha mkono, hajasoma hii mada lakini anaijua. Ila nyie mnaoandika, angalieni mpangilio, anza na mkono wa spana halafu nguvu, maana ukigeuza alama inageuka, na nati uliyokuwa unaikaza kwenye karatasi yako itakuwa inafunguka.