Mtaro wa nyuma ya soko si wa sheha

Mvua za masika zikikolea, barua za mtaro huanza kuingia ofisini kwetu. Kazi kubwa ya sisi wasaidizi wa sheria ni mirathi, talaka, matunzo ya watoto na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Lakini Aprili ikifika, watu huja na mtaro. Maji yameingia ndani, choo kimefurika, watoto wanabebwa mgongoni kuvushwa kwenda skuli. Na barua hizo karibu zote zimeandikiwa mtu mmoja, naye ni sheha, mkuu wa shehia, eneo la chini kabisa la utawala hapa Zanzibar.

Mji wenyewe sitautaja. Ni mji mdogo hapa Pemba, una soko, bandari ya majahazi na barabara moja kubwa. Wanaoujua wataujua.

Mwaka juzi alinijia mzee mmoja anayekaa nyuma ya soko la samaki. Alikuwa na bahasha ya kaki, ndani yake nakala tatu za barua alizozipanga vizuri kwa tarehe. "Mwanangu," aliniambia, "sheha huyu hanitaki. Mara tatu nimempelekea, mara tatu ananambia ameshafikisha." Nikamuuliza amefikisha wapi. Hakujua. Nikamfuata sheha nyumbani kwake baada ya laasiri, naye akanitolea daftari. Kweli alikuwa amefikisha, kwa Mkuu wa Wilaya, mara zote tatu. Hakuna aliyesema uwongo, na mtaro ulikuwa umeziba vilevile.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu lawama tunazomtupia sheha nyingi si zake.

Sheha yupo kwa Sheria ya Tawala za Mikoa, Namba 8 ya 2014. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa baada ya kushauriana na Mkuu wa Wilaya. Hapigiwi kura. Wengi wanalichanganya hili kwa sababu wanayoyasoma kwenye simu yameandikwa kwa ajili ya Tanzania Bara, ambako mwenyekiti wa mtaa na wa kijiji huchaguliwa na wakaazi. Serikali za mitaa si jambo la Muungano, kila upande una sheria zake. Huku kwetu shehia zote, 388 kwa hesabu ya sensa ya 2022, zina mtu aliyewekwa kutoka juu, na mtu aliyewekwa kutoka juu hujibu juu.

Kazi zake nazo zimeandikwa. Anaweka kumbukumbu za wakaazi, anapokea taarifa za wanaohamia na wanaohama, anasuluhisha ugomvi wa kifamilia na wa kijamii kwa mila na busara za pahala, anapewa taarifa ya mikutano. Ndiyo maana muhuri wake unatafutwa kila mlango. Unataka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, barua ya sheha. Mzee amefika miaka 70 anataka pensheni jamii, ile iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, sheha athibitishe kuwa ni mkaazi wake. Mtoto wa kuandikishwa, kiwanja cha kuuzwa, mgeni wa kulala: sheha. Nakiri kwamba karatasi yenye nguvu zaidi katika mji mdogo wa Pemba si hukumu ya mahakama, ni barua ya sheha. Basi mtu mwenye muhuri wa kufungua milango yote hiyo, wewe utaaminije kwamba hana uwezo wa kuchimba futi mbili za mtaro?

Lakini hana. Sheha hana fungu la fedha za mitaro. Hana gari ya taka, hana mafundi, hana sheria ndogo anayoweza kuitunga. Anachoweza ni hicho alichokuwa akimwambia mzee wangu, kufikisha.

Mtaro, jaa la taka, soko, ada ya mwenye kuuza samaki mezani na leseni ya duka la pembeni yake ni mambo ya Baraza la Mji, au la Halmashauri ya Wilaya kwa walio nje ya mji. Haya yamo kwenye sheria nyingine ya mwaka uleule, Sheria ya Serikali za Mitaa, Namba 7 ya 2014. Baraza lina madiwani, na wengi wao tumewapigia kura sisi wenyewe, kila mmoja kwa wadi yake. Wapo pia wanawake wa viti maalum na wapo wa kuteuliwa. Mtendaji wake ni Mkurugenzi. Baraza linakusanya ada na ushuru wake, linapata na fedha za Serikali Kuu, linapitisha bajeti. Barua ya mtaro ni ya hapo.

Neno diwani lenyewe, kwa Pemba, si jipya. Kabla ya Waomani kushika kisiwa, wakubwa wa hapa waliitwa madiwani, kama ilivyokuwa Mrima, pwani ya bara iliyo ng'ambo yetu. Walikuwa ni watu wa kuogopwa. Leo diwani tunakutana naye dukani ananunua unga wa ngano kama sisi, na pengine ndiyo maana hatumuamini kuwa ana kitu. Tena mabaraza haya yalikatika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 yaliondoshwa, yakarudi katikati ya miaka ya 1980, yakatungiwa sheria mpya 1995, kisha hii ya 2014. Wazee wetu waliishi zaidi ya miaka ishirini bila diwani. Mazoea ya kwenda kwa sheha hayakutoka hewani.

Kuna na sababu nyingine, hii nitaipita haraka kwa kuwa kila mtu anaijua na hakuna anayependa kuisoma. Tokea uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 kila neno hapa Pemba lina rangi ya chama. Sheha anaonekana ni mtu wa Serikali, diwani ni mtu wa chama chake. Ukikaa kwenye baraza ya nyumba ukasema "mtaro", kabla kahawa haijapoa watu wameshafika kwenye daftari la wapigakura, nani aliandikishwa na nani alikataliwa. Kura ya maoni ya Julai 2010, iliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ilipoza mengi, lakini haikufika mpaka kwenye uvungu wa baraza zetu. Nimewahi kuona watu wa nyumba mbili zinazoingiwa na maji yaleyale wakikataa kutia saini karatasi moja.

Mbunge simtaji sana katika jambo hili. Yeye yuko Dodoma. Mwakilishi anayo sauti kwenye Baraza la Wawakilishi na upo mfuko wa jimbo, lakini kumkimbilia yeye kwa mtaro wa futi mbili ni kuruka ngazi, na wengi wao watakurudisha palepale kwa diwani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwenyewe lilinichukua miaka kulielewa, na ninaona lina uzito kuliko hilo la nani ni nani. Ni miezi.

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kumalizika 30 Juni. Baraza la Wawakilishi linajadili bajeti Mei na Juni. Kufika hapo, mapendekezo ya mabaraza ya miji na halmashauri yameshakusanywa, yameshakatwa, yameshapelekwa juu na kurudi. Mvua kubwa yetu ni masika, Machi mpaka Mei. Kwa hiyo mzee wa nyuma ya soko anapolowa Aprili na kuandika barua Aprili, mtaro wake unafika mezani wakati vitabu vya mwaka unaokuja vimeshafungwa, na fedha za mwaka huu zimebakia za mafuta ya gari. Mkurugenzi atamjibu, kama atamjibu, kwamba "limepokelewa na litafanyiwa kazi kwa mujibu wa upatikanaji wa fedha". Sentensi hiyo nimeshaisoma mara nyingi mno. Si lazima iwe ni dharau. Mara nyingi ina maana kwamba umechelewa.

Wakati wa kuandika ni vuli, Oktoba na Novemba, pale mvua ndogo zinapokumbusha kidogo na huku bajeti haijaanza kupikwa. Vuli yenyewe inakusaidia, mtaro ulioziba hautunzi siri, ikinyesha mvua ya siku mbili tu, wewe unaupiga picha.

Nilimwambia mzee haya. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa anunue mwavuli kwenye jua la kaskazi. Lakini Novemba alirudi, na mjukuu wake, na picha tisa kwenye simu. Tuliandika ukurasa mmoja, kwa Mkurugenzi, nakala kwa diwani wa wadi, nakala kwa sheha ili asije akasema amerukwa. Hatukuandika "tunateseka sana". Tuliandika mtaro unaanzia wapi, unaishia wapi, una urefu gani (mjukuu aliupima kwa kamba ya chombo cha baharini), umeziba kwa nini, nyumba ngapi zinaingia maji, na kwamba wauza samaki wanaolipa ada kwa Baraza hilohilo wanafunga biashara mvua ikinyesha. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoipigania. Baraza linaloishi kwa ada za soko linaelewa hasara ya soko.

Barua tuliipeleka wenyewe, tukagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Tafadhali, hili msilidharau. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni hadithi. Kisha tukamuuliza diwani kikao cha Baraza ni lini, na siku ya kikao tulikuwa nje, watu saba, tumekaa kimya. Katiba ya Zanzibar, kifungu cha 18, inampa raia haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yake. Sikuwahi kuisoma kifungu kwa kifungu mbele ya afisa yeyote. Watu saba waliokaa kimya wameshaisoma.

Diwani, haki yake nimpe, alilisimamia. Alituambia baadaye kwamba kikaoni aliulizwa mtaro una urefu gani, akawa nao mfukoni.

Fedha zilizotoka hazikutosha mtaro wote. Ulijengwa kutoka sokoni mpaka kwenye msikiti, kipande cha chini kinachoelekea baharini kikaachwa na udongo wake. Nyumba ya mzee iko baada ya msikiti. Masika yaliyofuata maji yalimfikia, machache kuliko zamani, lakini yalimfikia. Nilikwenda kumtazama nikiwa na aibu. Alikuwa amekaa barazani kwake, miguu juu ya tofali, anafuta simu ya mjukuu wake kwa ncha ya kanzu. Alinionyesha picha kumi na moja mpya, akaniuliza kama kamba bado ninayo au niliirudisha chomboni.